Moshi wa Alhamisi

Mama yangu hadi leo huniuliza yule rafiki yangu wa kompyuta yu hali gani, nami hadi leo humjibu kwamba hajambo. Sijui kama hajambo. Ni miaka sasa hatujasemezana, na namba yake niliifuta kwenye simu kwa hasira, ingawa kichwani imekataa kufutika. Lakini Mama ni mtu mzima na alimpenda yule msichana. Sioni faida ya kumwambia alichotufanyia. Namjibu hajambo, anasema alhamdulillahi, tunaendelea kuchambua mchele.

Nilikuwa nafundisha hesabu katika shule moja ya wasichana upande wa Kizingo, shule yenye miti mingi na lango kubwa, ambapo wengi waliletwa kwa gari na sisi wa Kuze, ndani ya Mji wa Kale, tulifika kwa miguu, jasho linatutiririka. Yeye alikuja kufundisha kompyuta. Alikuwa binti wa bara, mwenye sauti ya chini na kicheko cha ghafla, amepanga chumba Makadara juu ya mkahawa wa mbaazi na mahamri, na mjini hakuwa na mtu. Hakuna aliyenituma kumchukua. Nilimchukua mwenyewe, kwa kuwa nilimpenda, na kwa kuwa chakula chake cha mchana kilikuwa ndizi mbili kila siku na mimi siwezi kumtazama mtu akila ndizi mbili mwaka mzima.

Siku ya kwanza kumleta nyumbani ilikuwa Alhamisi. Kwetu, Alhamisi ikifika magharibi, ukiingia usiku wa Ijumaa, nyumba hufukizwa. Makaa hutiwa kwenye chetezo, ubani juu yake, na udi kwa mwenye nao, kisha chetezo huzungushwa chumba kwa chumba, chini ya vitanda, nyuma ya milango, mpaka nguo za kabatini zishike harufu. Nyumba zenyewe zimebanana na madirisha yanatazamana, kwa hiyo moshi wa huyu humfikia yule na wa yule humrudia huyu. Watu hukohoa. Hakuna anayejali, maana kukohoa kwa ubani si kukohoa, kama vile machozi ya kitunguu si kilio. Rafiki yangu alikohoa mpaka akashika ukuta. Mama akacheka, akamwambia, "Pole, mwanangu, utazoea. Ndoo hapa, yeo nikufukize na wewe." Akamsimamisha juu ya chetezo, akamfunika kanga, naye akatoka hapo ananukia kama bibi harusi.

Nilipokuwa nikimsindikiza aliniuliza kama tunafanya hivyo kila wiki. Nikamwambia kila wiki, mtaa mzima, na Ijumaa asubuhi darasani mtoto wa Kuze utamjua kwa macho mekundu na koo linalokwaruza. Nilisema kwa mzaha. Yeye hakucheka, alitikisa kichwa tu, na mimi nikadhani amechoka.

Ilipoingia korona shule zikafungwa, masomo yakahamia kwenye simu. Mji wa Kale ukafungiwa kwa muda, askari wakasimama kwenye njia za kutokea, na kila mtu akajifunza kuogopa kikohozi cha jirani. Huko Kuze wazee wakasema hewa isafishwe, na ubani ukachomwa kuliko zamani. Siku nyingine ulichomwa kidogo kidogo, lakini Alhamisi moshi uliteremka mpaka vichochoroni.

Katika siku hizo rafiki yangu akanijia na wazo lake. Alitaka kutengeneza mashine inayojifunza, maana yake programu ya kompyuta ambayo hukuiambia kanuni yoyote, unailisha tu majibu ya watu ya wiki nyingi, nayo inatafuta yenyewe kinachofuatana na nini, mpaka iweze kubashiri ya wiki ijayo. Wanafunzi wangejibu maswali machache kwenye simu kila asubuhi. Umekohoa tangu jana? Koo linawasha? Kichwa kinauma? Macho yanawasha? Umekosa usingizi? Nyumbani kuna mgonjwa? Shule zikifunguliwa, mashine itatuonyesha mapema nani yuko karibu kuugua, tumsaidie kabla hajalala kitandani. Mimi ni mtu wa hesabu. Nililiona wazo lile ni zuri, na siwezi leo kujifanya sikuliona hivyo.

Tatizo lilikuwa kina mama wa Kuze. Majibu haya yaenda wapi, waliniuliza, na nani atayasoma, na gari likija kumtwaa mtoto tutamshika nani? Rafiki yangu angeenda mwenyewe wasingemfungulia, kwa hiyo nilienda mimi. Nilipiga hodi nyumba baada ya nyumba, nimevaa barakoa, nikakaa kwenye ngazi za watu walionijua tangu nikiwa msichana mdogo natembea pekupeku, nikawaapia kwamba jina la mtaa halitaandikwa, na kwamba hakuna mtoto atakayefungiwa nje kwa sababu ya jibu lake. Maneno hayo si yangu. Alinipa yeye. "Waambie mtaa nimeutoa kabisa," aliniambia, na mimi nikawaambia.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mjane mmoja mshona kofia na bintiye, msichana wa Kidato cha Nne aliyekuwa mwanafunzi wangu. Mtoto yule alikuwa na azma moja tu, kusomea famasia, na kwa azma hiyo alikuwa hachezi. Nilimfanya kiongozi wa wenzake katika zoezi lile. Nilimkalisha barazani kwetu nikamwambia asijibu uongo hata siku moja, ajibu kile kilichoulizwa, maana mashine ikidanganywa na mmoja itawadanganya wengi. Akasema, "Sawa, mwalimu." Akawazungukia wenzake kwa simu akawaambia vile vile. Walimu nao walipewa fomu hiyo hiyo, nami niliijaza kila asubuhi nikiwa napiga mswaki, mkono mmoja kwenye simu.

Shule zilipofunguliwa kwa madarasa ya mtihani, mashine ikaanza kazi. Kila Jumapili ilitoa orodha ya wasichana watakaougua wiki inayokuja, na kuugua maana yake ilikuwa kujibu ndiyo kwa maswali mawili au zaidi katika siku yoyote. Mwalimu mkuu, ambaye tuliambiwa atatumia orodha ile kuwasaidia watoto, alituma ujumbe kwa wazazi: watakaokuwa kwenye orodha wakae nyumbani wiki hiyo, wasomeshwe kwa simu, mpaka majina yao yatoke. Lile nililowaapia kina mama lilivunjwa kwa ujumbe wa mistari mitatu. Nilinung'unika kidogo. Nikajiambia ni wiki moja tu, na ugonjwa ni ugonjwa.

Na mashine ilipatia! Waliotajwa Jumapili, ikifika Ijumaa wamejibu ndiyo, koo, macho, kichwa. Walimu wakashangilia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimpigia rafiki yangu makofi mbele ya watu. Wageni wa ofisi ya elimu wakaja kuitazama, wakapiga picha.

Jina la binti wa jirani lilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Likawa kwenye ya pili. Lilipokuwa kwenye ya tatu nilianza kuyasoma majina mengine, nikaona karibu wote wa mwanzo walikuwa watoto wa Kuze na vichochoro vya kupakana nasi. Orodha ya nne wale wengine walikuwa wametoka, mmoja mmoja, na yeye amebaki. Kwenye maabara ya kemia wenzake walikuwa wameanza majaribio ya mtihani, yale ya kupima na kuchanganya, na hayo huwezi kumfundisha mtu kwa simu. Mtihani ulikuwa unakaribia.

Basi rafiki yangu akaniletea ripoti yake. Alikuwa ameomba nafasi ya kwenda kusoma shahada ya juu ng'ambo, ameitwa kwenye mahojiano, na alitaka nimkagulie hesabu kabla hajaituma. Alinikabidhi kompyuta yake mwenyewe, akaniwekea na chai pembeni. Nikazipitia hesabu, zilikuwa safi. Kisha nikafungua jedwali zilikotoka. Safu ya tatu iliandikwa "mtaa." Mbele yake kulikuwa na safu ya siku za juma, na kwenye mchoro mistari yote ilikuwa chini chini, kisha Ijumaa inaruka juu, inashuka, Ijumaa inaruka tena. Pembeni ya mchoro alikuwa amejiandikia maelezo, akasahau kuyafuta. "Kilele cha Ijumaa ni moshi wa ubani. Nimejaribu kuutoa, usahihi unashuka sana. Usiondoe."

Nilisoma mara mbili. Neno lililonichoma si moshi, ni lile la mwisho. Mtu asiyejua ningemfahamisha, na mtu aliyekosea ningemsaidia kusahihisha. Huyu alijua. Alikuwa amesimama juu ya chetezo chetu, kanga ya mama yangu kichwani mwake. Mashine yake haikuwa inabashiri ugonjwa wowote. Ilikuwa inabashiri kwamba Alhamisi itafuatwa na Ijumaa na kwamba Kuze patafukizwa, na kwa ubashiri huo ilipigiwa makofi, yangu yakiwemo.

Nilimkuta kwenye chumba cha kompyuta, anapangusa vibonyezo kwa spiriti. Nikamgeuzia mchoro. Alitazama, akakaa.

"Sikudanganya mtu," akasema. "Mashine iliulizwa nani atajibu ndiyo, na inajibu sawasawa."

"Shule iliambiwa nani atakuwa mgonjwa."

"Najua. Nikishapita mahojiano nitarekebisha. Ni wiki ijayo tu, nakuomba."

"Na mtaa? Mimi niliwaapia watu."

"Bila mtaa haikuwa inaona chochote."

"Habari ya moshi nilikwambia mimi," nikasema. "Nilikwambia mimi, tukitoka kwa mama yangu."

"Ndiyo," akasema. "Ulinisaidia sana."

Nadhani hakukusudia kunitukana. Alisema kwa upole, kwa sauti yake ile ya chini, na ndiyo maana sijaweza kusamehe. Nimesalitiwa na watu wakali nikawasahau baada ya mwezi. Huyu alinisaliti kwa shukrani, na moyo wangu mpaka leo haujui uliweke wapi jambo hilo.

Msinielewe vibaya, sisemi haya kwa kuwa alikuwa mtu wa bara. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwetu hasa, kazaliwa vichochoroni Kuze, kafukizwa tangu tumboni, ndipo baadaye akahamia kwenye nyumba yenye bustani. Nilimwendea siku hiyo hiyo. Nilimweleza habari ya Alhamisi, na nusu ya maneno sikuwa na haja ya kuyamaliza kwa sababu alikuwa anayajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na nikimrudisha mmoja kwa maneno yako, akawa ni mgonjwa kweli, dhamana utaibeba wewe? Utatia saini?" Wageni walikuwa wamekwisha kuisifu shule, na alitarajia wengine. Akanisogezea karatasi tupu.

Sikutia saini. Nilisema nitafikiri. Nimekaa na karatasi ile kichwani miaka yote hii, na kila nikiifikiria naiona ni karatasi tu, ya mistari, ya kuchanwa kwenye daftari.

Ijumaa asubuhi, kabla ya saa moja, nilipita kwa jirani nikienda kazini. Nilipiga hodi, nikakaribishwa. Mapazia yalikuwa bado yananukia. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na kofia yake gotini, sindano inaingia na kutoka. Siku zote aliniita dadangu. Siku ile alisema, "Karibu, mwalimu," na hakuinua kichwa.

Nikaanza kumweleza, mashine, safu, Ijumaa. Aliniachia nikaeleza mpaka maneno yakaniishia.

"Ulimuuliza mwanangu amekohoa," akasema. "Hukuya kuniuliza mimi nimefukiza n'ni."

"Ni kweli."

"Babake ana usiku huu mmoya tu katika wiki. Ndio twamsomea, twamfukizia. Niuwate? Niambie wewe, niuwate?"

Nikamwambia asiuwache. Sikuwa na haki ya kumwambia lolote, lakini hilo nililisema.

Bintiye alikuwa dirishani, amepanga glasi za chai ukingoni. Katika moja kulikuwa na maji ya bizari, ya manjano. Katika nyingine bizari hiyo hiyo ilikuwa imetiwa maji ya sabuni ikageuka nyekundu. Alikamulia ndimu kwenye ile nyekundu, tone kwa tone, akihesabu kwa midomo, ikarudi manjano. Kwenye daftari alikuwa ameandika idadi ya matone, mistari imenyooka, kama maabara. Hayo ndiyo majaribio aliyokuwa nayo, wenzake wako Kizingo na vyombo vya kweli. Simu ilikuwa pembeni yake, na fomu ya asubuhi imefunguliwa.

Nikamwambia, "Leo bonyeza la."

Alinitazama. "Lakini nimekohoa, mwalimu."

"Huo ni moshi."

"Fomu haikuuliza moshi. Ulitwambia tujibu kilichoulizwa."

"Najua nilichosema. Bonyeza la, Jumatatu uende shule."

Hakuchukua simu. "Wenzangu wabonyeza la tangu wiki ya pili," akasema. "Ndio wakatoka. Waliniambia na mimi nifanye hivyo. Nikawaambia mwalimu akijua atavunjika moyo." Alisema bila lawama, kama anayenipa taarifa, na ndipo nilipofahamu kwamba wiki nne zile mtoto yule hakufungiwa nje na mashine. Alifungiwa nje na neno lake kwangu. Wenzake wote walioambiwa neno lile walikuwa wamelivunja, na huyu mmoja aliyelitunza ndiye aliyekuwa anakamulia ndimu glasi za chai.

Kisha akaniuliza, kwa adabu, mikono yake nyuma kama darasani, "Mwalimu, wewe Ijumaa wabonyeza n'ni?"

Sindano ya mamake ikasimama.

Mimi nimekohoa kila Ijumaa ya maisha yangu. Na kila Ijumaa, tangu fomu ile ianze, nilikuwa nimebonyeza la, mswaki mdomoni, bila hata kufikiri, kwa sababu kikohozi cha ubani hakihesabiki na kila mtu wa kwetu anajua hakihesabiki. Nilijua hivyo kwa ajili yangu. Kwake yeye sikulisema, nilimfunga kwa ahadi ya kutodanganya. Tangu siku nilipoisoma ile "Usiondoe" nilikuwa nimebeba kifua mbele kama mtu aliyedhulumiwa peke yake, na nilikuwa nimedhulumiwa kweli, lakini swali la mtoto likanikuta pale nilipokuwa nimesimama.

"Nabonyeza la," nikamjibu.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Akatikisa kichwa. Akachukua simu, akabonyeza la, la, la, mpaka mwisho wa fomu, akaituma. Kisha akazichukua glasi zake moja moja akazimwaga, akaanza kuziosha.

Jumapili ile alikuwa bado kwenye orodha, kwa kuwa mashine ilikuwa imemzoea. Jumapili iliyofuata jina lake lilitoka. Alirudi maabara wiki chache kabla ya mtihani, na kwenye majaribio mikono yake ilikuwa mizito mahali ambapo ya wenzake ilikuwa myepesi. Alifaulu masomo mengine yote. Kemia haikufika pale famasia ilipotaka ifike. Sasa anafanya kazi duka la vitambaa huko Makadara, na mamake bado anashona kofia, na bado Alhamisi hufukiza. Chetezo chao zamani kilikuwa kikimalizia kwetu, mtoto analeta, Mama anakizungusha, anarudishiwa. Tangu mwaka ule hakijaletwa. Mama hudhani ni kwa ajili ya korona, kwamba watu walizoea kujitenga.

Rafiki yangu alipita mahojiano. Kabla sijafuta namba yake alinitumia picha ya ukurasa wa mwanzo wa ripoti, ule wa shukrani, na wa kwanza kushukuriwa ni mwalimu mwenzake aliyemfungulia milango ya Mji wa Kale. Jina langu hakuliweka, akaeleza kwamba amelificha ili kunilinda.

Binti wa jirani mimi hukutana naye kichochoroni karibu kila siku, asubuhi akienda dukani. Hapiti bila kunisalimu, ana adabu zake zile zile. Ijumaa moja, si zamani, nilimsikia akikohoa kabla hajapinda kona, kikohozi kirefu cha kifuani, si kile cha ubani, nami naijua tofauti yake. Alipofika mbele yangu nikamuuliza, "Hujambo, mwanangu? U mzima?"

"Mzima, mwalimu," akanijibu upesi, wala hakusimama.